Flaiwili: kuchonga au kununua nyingine

Wadogo zangu mnaoanza gereji, mteja akileta gari ambalo klachi inateleza, sehemu nzito ya kazi ni kushusha gia boksi. Klachi pleti, presha (sahani inayoibana pleti) na beringi havina ubishi, mara nyingi vinauzwa kwa seti. Ubishi unaanzia kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hubana juu yake. Ukiitazama kwa haraka inaonekana nzima, mteja naye pesa imeshamwishia, na hapo fundi anapitisha msasa na kufunga. Msifanye hivyo. Amueni kwa kupima wakati gia boksi iko chini, na mwambieni mteja bei ya mwisho baada ya kupima.

Jueni kwanza ni flaiwili ya aina gani. Ya chuma kimoja kizima, kama ile ya Hiace za dizeli za zamani, kwa kawaida huchongeka. Ile ya vipande viwili vyenye springi katikati, kama ya Land Rover Defender yenye injini ya TD5, kazi yake ni kumeza mtikisiko wa injini, na watengenezaji wengi hawaruhusu ichongwe. Hiyo inapimwa uchezaji wake: izungusheni kwa mkono kipande kimoja dhidi ya kingine, kisha kitikiseni mbele na nyuma, mlinganishe na vipimo vya gari husika. Ikiwa grisi imevuja, au inagonga, au inacheza kupita kipimo, inanunuliwa nyingine. Kuna seti za kubadilisha kwenda chuma kizima, na zinafunga vizuri, lakini mtikisiko uliokuwa unamezwa na springi utahamia gia boksi. Mteja alijue hilo kabla ya kuchagua bei nafuu.

Kwenye chuma kizima, safisheni uso kwa dawa ya kusafishia breki halafu mulikeni tochi. Mikwaruzo midogo isiwatishe. Madoa ya buluu au meusi ndiyo ya kutazama sana. Pale chuma kilipata moto mkali, kikabadilika na kuwa kigumu kuliko sehemu zinazokizunguka. Tuliwahi kupokea Hiace ya abiria iliyofungwa klachi mpya kwingine, ikawa inatetemeka kila ikiondoka kituoni. Kuishusha, klachi pleti bado nene kabisa, flaiwili imejaa madoa. Mwenye gari akalipia kushusha gia boksi mara ya pili, na siku hiyo daladala haikuingiza kitu. Inaniuma kuona mtu akilipia kazi moja mara mbili.

Madoa hayo yanahusu pia mashine mtakayotumia. Kisu cha lesi, ile mashine inayochonga chuma kikiwa kinazunguka, kikifika kwenye doa gumu huruka, na uso unabaki na vivimbe hata kama unang'aa. Jiwe la kusagia linakata kigumu na laini kwa usawa. Kama fundi mchongaji ana mashine ya jiwe, mpelekeeni yeye, hata kama ni mbali. Doa likirudi kuonekana baada ya kusagwa, ujue limeingia ndani, na mimi hapo sibishani tena: inunuliwe nyingine. Vivyo hivyo kwa nyufa. Vile vinyufa vyembamba vya juu juu vinaondoka kwa kusaga, lakini ufa uliozama au unaoelekea kwenye tundu la bolti hauna tiba. Flaiwili inazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, ikipasuka inatoboa nyumba ya klachi na inaweza kuua mtu.

Kisha pimeni. Rula nyoofu na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, vinaonyesha bonde. Dayali geji, ile saa ya kupimia yenye mshale, inaonyesha kuyumba wakati flaiwili inazungushwa, na kwa Toyota nyingi kikomo ni 0.1 mm. Pimeni na unene, maana kuna kiwango cha chini ambacho hakivukwi.

Jambo linalosahaulika mno ni ngazi. Flaiwili nyingine ina uso wa klachi ulio chini au juu ya uso unaofungiwa presha. Mkichonga uso mmoja tu, presha haitabana inavyotakiwa. Nyuso zote mbili zichongwe kwa kiasi kilekile, na kimo cha ngazi kiandikwe kwenye karatasi kabla flaiwili haijatoka gereji, kwa sababu mchongaji hawezi kukikisia. Hata ile bapa, ikichongwa sana, klachi nzima inasogea kuelekea injini na uma wa klachi, ule unaosukuma beringi, unakosa mwendo wa kutosha, gia zinakuwa ngumu kuingia.

Meno ya ringi, yale ya ukingoni yanayoshikwa na stata, yasiwaamulie peke yake. Yakiliwa sehemu moja na uso ni mzima, ringi inaweza kubadilishwa kwa kupashwa moto.

Mkinunua iliyotumika, tuseme kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, ipimeni vilevile palepale dukani. Imetoka kwenye gari lililokwisha tembea, wala hamjui liliendeshwaje.

Kabla ya kurudisha, tazameni sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili ya injini isitoke. Inauzwa bei ndogo, nayo ikivuja italowesha klachi mpya. Bolti za magari mengine hazirudiwi, zinunuliwe mpya, zikazwe kwa spana ya torki kwa kupishana. Mwisho futeni uso kwa dawa ileile ya breki, hasa ikiwa flaiwili ni mpya, kwa sababu hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, na baada ya hapo msiuguse kwa mikono yenye grisi.