"Panga kwa mtumiaji" ni sawa?

Msomaji wa Kijitonyama kauliza hivi: yeye na wenzake wanaandika kwa Kiswahili maelezo ya Mercurial, ile programu ya kutunza matoleo ya msimbo wa kompyuta, wamefika kwenye sort, funksheni ya kupanga mabadiliko. Wenzake wameandika "panga kwa tarehe", "panga kwa mtumiaji", "panga kinyume kwa tarehe", na yeye anahisi kuna kitu hakijakaa sawa ila hajui ni kipi.

Uko sahihi ndugu yangu. "Panga kwa tarehe" haina shida, ni kama kupanga nguo kwa saizi. Tatizo linaanza kwa mtumiaji, maana "kwa" ikikaa mbele ya mtu inageuka kabisa, inakuwa ya mahali au ya kupelekea: naenda kwa dokta, peleka kwa fundi, na Dar hata mitaa tunaiita hivyo, Mtoni kwa Aziz Ali, Tandale kwa Mtogole. Halafu kupanga kwetu ndo kukodi chumba, sasa ukimwambia mtu "nimepanga kwa mtumiaji" si anajua una chumba huko! Na usikimbilie "kwa jina la mtumiaji", hiyo inasikika kama unaomba dua. Andika "panga kwa kufuata jina la mtumiaji", ni ndefu kidogo lakini haina njia mbili.

"Kinyume" nayo iondoe. Kwenye Mercurial ukiandika date mabadiliko ya zamani yanatangulia, ukiweka alama ya kutoa, -date, mapya yanatangulia, kwa hiyo sema hivyo hivyo, "kuanzia mapya". "Kinyume" inamwacha msomaji anajiuliza kinyume cha nini, na "kushuka" inafaa kwenye namba, kwenye tarehe kila mtu ana kushuka kwake.

Umeuliza pia kuhusu hoja zenye majina, yaani vile vitu unavyoipa funksheni kwa kuvitaja jina. Majina yenyewe usiyaguse kabisa, kompyuta ndo inayoyasoma, ukiandika kinyume=True badala ya reverse=True Python, lugha ya kuandikia programu, itakugomea, tafsiri maelezo yaliyo pembeni tu. Na mi naona Kiswahili kina tabia hiyohiyo: sorted, funksheni ya kupanga ya Python 3, haikubali key (kigezo) na reverse (kugeuza mpangilio) bila kuzitaja majina, na sisi "kwa" moja tukiibebesha kazi zote msomaji anabaki kukisia, bora "kufuata" ibebe kigezo na "kuanzia" ibebe mwelekeo.

Ile topo.firstbranch, hoja ya sort ya Mercurial inayotumika ukipanga kwa kufuata matawi, yaani mifululizo ya mabadiliko iliyogawanyika, nyie mmeandika "tawi la kwanza". Hapo msomaji ataelewa tawi lililozaliwa mwanzo kuliko yote, wakati ni lile unalolichagua mwenyewe litokee mbele. Andikeni "tawi litakalotangulia".