Maswali na Majibu: Weusi wa Kerry James Marshall

Wasomaji wameleta maswali kuhusu Mastry, maonyesho yaliyopitia takriban miaka 35 ya kazi za mchoraji Mmarekani Kerry James Marshall. Yalianzia Chicago mwaka 2016, yakaenda New York na kumalizikia Los Angeles mwaka 2017.

Swali: Maonyesho ya namna hii yana tofauti gani na mengine?

Jibu: Mchoraji anapoonyesha kazi mpya, mara nyingi huwa anazitafutia wanunuzi. Hapa makumbusho huazima picha zilizokwisha kutawanyika kwa wamiliki mbalimbali (Mastry ilikusanya karibu 80) ili mtazamaji aone jinsi mkono mmoja ulivyobadilika.

Swali: Mbona watu wake wote ni weusi tititi, hata sura hazionekani vizuri? Je, hiyo si kejeli?

Jibu: Kejeli ilikuwepo mwanzoni, naye aliitumia kwa makusudi. Katika picha yake ya mwaka 1980, A Portrait of the Artist as a Shadow of His Former Self, ambayo ni ndogo kuliko ukurasa wa daftari na imechorwa kwa rangi iliyokorogwa na kiini cha yai, mwanamume mwenye kofia amezama katika giza lililo nyuma yake, kiasi kwamba kinachomjulisha ni weupe wa macho, kipande cha shati na meno yenye pengo. Miaka 13 baadaye, katika De Style, tunawakuta wanaume wakiwa kwa kinyozi, wamechorwa kwa ukubwa ambao wachoraji wa zamani wa Ulaya waliuweka kwa ajili ya wafalme na watakatifu, wala hakuna anayezama tena. Ngozi zao bado ni nyeusi kabisa, kwa kuwa Marshall hakubali kuzipunguza makali kwa rangi nyeupe. Anachofanya ni kuchukua rangi nyeusi za aina mbalimbali, ikiwemo ya mifupa iliyochomwa na ya oksidi ya chuma, na kuzitia buluu au kijani, hata weusi wa shavu ukawa tofauti na weusi wa shingo. Katika simu tofauti hiyo hupotea yote, na nadhani ndipo shaka ya msomaji wetu ilipoanzia.

Swali: Picha yake Past Times iliuzwa dola milioni 21.1 mwaka 2018. Yeye alipata ngapi?

Jibu: Kwa mauzo hayo, sheria ya Marekani haikumpa haki ya kudai hata senti. Muuzaji alikuwa mamlaka ya umma ya Chicago, iliyoinunua mwaka 1997 kwa dola 25,000. Katika Umoja wa Ulaya mchoraji hupata asilimia ndogo picha yake inapouzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa, lakini nako malipo hayavuki euro 12,500.

Swali: Katika picha yake ya saluni, School of Beauty, School of Culture, ile taka ya njano sakafuni ni nini?

Jibu: Si taka. Sogea pembeni ya picha uitazame kwa mshazari, nayo itajikusanya kuwa kichwa cha binti mzungu wa katuni, mwenye nywele za dhahabu. Hila hiyo Marshall aliichukua kwa Holbein, mchoraji Mjerumani wa zamani, aliyelificha fuvu la kichwa kwa namna iyo hiyo mwaka 1533. Wanawake waliojaa saluni hiyo hawana habari na kichwa hicho. Anayeinama kukichungulia ni mtoto mdogo.