Kibanda cha sponji na kelele za nje

Je, kibanda cha kurekodia uimbaji nyumbani kilichobandikwa sponji kitazuia kelele za nje? Hapana, kibanda kilichobandikwa sponji pekee hakitazuia honi za bodaboda wala jenereta la jirani, kwa sababu sponji hunyonya mwangwi wa ndani tu, ilhali sauti itokayo nje huzuiwa na uzito wa ukuta na kuzibwa kwa kila upenyo. Hata uwazi mdogo chini ya mlango huharibu kazi ya ukuta mzima. Kikanuni, ukiongeza uzito wa ukuta maradufu unazuia takriban desibeli 6 zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ndiyo maana vibanda vinavyozuia kelele kwelikweli huwa vizito na ghali.

Angalia pia ukubwa. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo kibanda chenye upana wa mita 1.2 huvuma kwenye mitetemo kama 143 kwa sekunde, palepale ilipo sauti ya mwanamume anayezungumza, na sponji ya sentimita 5 haipunguzi sana mvumo huo. Utasikika kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa.

Kwa nyumbani ningetundika mablanketi mawili mazito nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, kisha ningerekodi alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Ukiamua kununua kibanda kilichozibwa kabisa, uliza kwanza hewa inaingilia wapi, maana kwa joto la Dar es Salaam hutamaliza ubeti wa pili.