Jikoni na Anti: Vile vibiskuti vya Kichina vya kuviringisha, mbona vyangu vinalegea?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mama wa watoto wawili, niko Kigamboni. Mume wangu anafanya kazi na Wachina kwenye ujenzi, sasa kila ukifika mwaka mpya wao wanamgawia bati la vibiskuti flani vyembamba vimeviringishwa kama bomba, ukikiuma tu chote kinamegukia mdomoni, utamu wa mayai na siagi. Hapa nyumbani bati halimalizi siku mbili. Nkasema ngoja nijaribu mwenyewe, nimefanya mara tatu na mara zote vinatoka laini kama chapati za maji, ile mara ya tatu niliongeza unga na bekingi pauda nkijua ndo vitakauka, wapi, vikawa vinene afu unatafuna kama mpira. Nakosea wapi anti?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kosa lako umelitaja mwenyewe bila kujua, umesema chapati za maji. Yani kichwani kwako ulikuwa unapika chapati za maji zenye sukari, na hiki kitu ndugu yake sio chapati, ndugu yake ni kashata. Kashata ikiwa sufuriani inavutika, unaimwaga, unaikata upendavyo, ikipoa inakuwa jiwe. Hivi vibiskuti navyo vikitoka motoni vinakuwa laini, mana sukari bado imeyeyuka, ndo sababu vinakubali kuviringishwa, afu sukari ikipoa inagandia humohumo na kinakuwa kikavu cha kuvunjika. Ila hiyo sukari haigandi vizuri kama ndani bado kuna maji. Kwaiyo kazi yako yote pale jikoni ni kuyatoa maji, basi. Unga ukizidi unayafungia maji ndani, na bekingi pauda ndo inakiumua kabisa kiwe kinene, vitoe vyote viwili kichwani.

Wenyewe Wachina wanaviita dan juan, yani yai la kuviringisha, na ndo vitu vya Guangdong, Hong Kong na Macau hasa, mwaka mpya wao (unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari) watu wanapelekeana mabati kama sisi tunavyopelekeana sahani za visheti na kaimati. Mi niliviona vikitengenezwa Guangzhou, miaka ile mume wangu anafuata mzigo tukawa tunafikia Xiaobei kule wanakojaa wafanyabiashara wa Kiafrika. Mama mmoja mtu mzima alikuwa na vyuma viwili vya duara vimeungana kama kitabu, vina mikono mirefu, anamwaga kijiko kimoja cha uji wa mayai, anafunga, ile inayochuruzika pembeni anaikwangua kwa kisu, anageuza juu ya moto, anageuza tena, akifungua kitu kimekuwa chembamba kama karatasi rangi ya dhahabu. Anaweka kijiti ukingoni, anaviringisha mara tatu nne, anachomoa kijiti, kimekwisha. Sidhani kama zilipita dakika mbili. Vidole vyake havikuwa na habari na moto kabisa, mi nilijaribu kimoja nkapiga kelele mtaa mzima ukageuka.

Sasa vipimo. Mayai 3, sukari gramu 100 (nusu kikombe), siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 100 ambao ni kama robo tatu ya kikombe, ufuta mweusi kijiko kimoja cha chakula, chumvi ya kubana na vidole viwili. Umeona hiyo mizani? Sukari, siagi na unga vinalingana. Nina uhakika wewe unga wako ulikuwa mara mbili ya sukari. Sukari yetu hii ya dukani chembe zake kubwa, itie kwenye blenda iwe laini au upige na mayai mpaka ukisugua kwa vidole husikii chembe. Siagi iyeyushe iache ipoe kidogo usije ukayapika mayai. Chekecha unga juu yake, koroga taratibu mpaka mabonge yaishe, usiendelee kupiga kwa hasira, afu funika uache nusu saa. Ukitaka vikatike zaidi toa vijiko viwili vya unga weka konflawa. Na siagi iwe siagi kweli, ambayo mafuta ni kama asilimia 80, mana majarini zingine za kupaka mkate maji yake ni mengi, na maji ndo adui tunayepigana naye.

(Ufuta usiuache. Ufuta wetu wa Lindi na Mtwara mwingi unanunuliwa na China, sasa na sisi tuule kidogo jamani.)

Kama huna kile chuma, fraipani isiyoshika inatosha, ya chini iliyonyooka. Moto mdogo mno. Ukimwaga kijiko kimoja cha chakula ukasikia chwaaa, moto mkali, itoe fraipani ipoe, inatakiwa iingie kimya. Tandaza kwa mgongo wa kijiko mpaka uone chuma kwa mbaaali chini yake, wembamba huo. Afu usiguse. Utaona mvuke unapanda, huo ndo maji yanaondoka, wewe subiri. Watu wengi wanageuza mvuke bado unafuka kwa sababu wameona pembeni pana rangi, na hapo ndo mambo yanapoharibikia. Mvuke ukipungua na kingo zikawa za hudhurungi, geuza, upe upande wa pili nusu dakika hivi mpaka dakika, viringisha HUMOHUMO kwenye fraipani na kijiti cha kulia cha Kichina au mpini wa mwiko mwembamba. Mi mara ya kwanza nilikitoa kwanza kwenye sahani nikisema nikae vizuri, kufumba na kufumbua kimeshakauka, nakunja kinapasuka vipandevipande, watoto wakala vipande wakafurahi lakini mi nilinuna. Ukimaliza kuviringisha kandamiza ule mshono chini kwa sekunde tano ushike, chomoa kijiti, weka juu ya wavu. Vaa glavu nyembamba za pamba kama vidole vyako ni kama vyangu.

Afu kabla hujaendelea na bakuli zima, kile cha kwanza kiache dakika tatu kipoe kabisa, kivunje. Kikilia ka! uko sawa, kikipinda punguza moto na ukiache muda zaidi. Hicho kimoja ndo fundi wako wa siku, mana jiko la kila mtu lina tabia yake. Kwa vipimo hivyo unapata kama 25, na unakoroga bakuli kila unapochota mana ufuta unazama chini.

Jambo lingine wewe uko Kigamboni, upepo wa bahari huo. Sukari inavuta unyevu wa hewani, ukiviacha kwenye sahani mezani jioni vimelegea hata kama ulivipika kama malaika. Vipoe kabisa, viingie kwenye lile bati lenu la Wachina (natumaini hujalitupa wala hujalifanya la sindano na nyuzi), mfuniko ubane. Usivifungie vya moto, vitatoa jasho humo ndani na kazi yote imekufa. Vikilegea usitupe, weka oveni nyuzi 130 kama dakika tano, toa, acha vipoe, vinarudi.

SWALI: Anti mambo, mi niko Mombasa. Siagi siku hizi bei imekuwa ya kutisha, kuna njia ya kutengeneza hizo bila siagi? Na nina ile mashine ya umeme ya koni za aiskrimu, itafaa?

JIBU: Poa mpenzi. Mashine itafaa sana, koni na hivi vibiskuti mama yao mmoja, tena wewe utakuwa na raha kuliko mwenzio wa fraipani, mana inabana juu na chini pamoja. Anzia dakika moja na nusu, uangalie rangi.

Siagi ondoa kabisa, wewe ni mtu wa pwani, una nazi. Malaysia, Singapore na Indonesia wanavyo vya namna hii, Malaysia wanaviita kuih kapit, na Singapore wanaviita pia barua za mapenzi, eti zamani wapenzi walikuwa wanafichiana ujumbe humo ndani, ndivyo wanavyosimulia. Vya kwao vinapikwa kwa tui. Chukua mayai 4, sukari gramu 170, tui zito mililita 250, unga wa mchele gramu 150 na unga wa ngano vijiko viwili, chumvi kidogo. Uji wake unakuwa mwepesi kuliko ule wa siagi, usiogope ukaongeza unga, ndo ulivyo. Tui liwe la kwanza, lile la pili waachie wali. Iliki kidogo ukitaka tia, wao hawatii lakini nani anakuona. Ukiona vinakushinda kuviringisha, kunja nusu afu nusu tena vikiwa vya moto, hata wao wanakunja hivyo na vinapendeza.

SWALI: Assalam alaikum anti. Niko Muscat, jirani yangu kaniletea bati la hivi vibiskuti katoka nalo Hong Kong, maandishi karibu yote ya Kichina. Naogopa kula. Vina nguruwe?

JIBU: Waalaikum salaam dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufungua. Vinaweza kuwa na nguruwe. Zamani vilikuwa vinapikwa kwa mafuta ya nguruwe na wengine mpaka leo wanatia, wanasema ndo yanaleta ule ulaini wa kumegukia mdomoni. Tafuta kwenye orodha ya viungo alama hii 豬 au 猪, ndo nguruwe, ukiiona funga bati. Ukiona 牛油, kwa Hong Kong hiyo ni siagi, ila bara China maandishi hayohayo yanaweza kumaanisha mafuta ya ng'ombe, na hapo swali la uchinjaji linarudi palepale. Na jihadhari na vile vilivyojazwa nyuzinyuzi za nyama kavu, vingine vimefungwa na mwani, vinaitwa 肉鬆, hiyo nyama kwa kawaida ni ya nguruwe hata kama ile alama ya kwanza hujaiona. Ukipiga picha ule upande wa viungo, programu za simu za kutafsiri zinausoma vizuri tu. Na kama ukikuta vina nguruwe, mrudishie jirani vibiskuti ila muombe bati libaki, kipimo cha kwako kiko hapo juu.