Mbwa akisakamwa, usikimbilie kumwingiza kidole

Mbwa wetu anaitwa Popi. Najua, mtaani kwenu pia wapo Popi watatu, tuendelee.

Mwezi wa 12 mwaka juzi nilikuwa nyumbani kwa mama Morogoro, msimu wa embe umekolea, tumekaa kibarazani tunakula zile embe ndogo za kienyeji zenye nyuzi zinazokwama kwenye meno, makokwa tunatupia kwenye beseni na Popi yupo pembeni anatuhesabia. Mpwa wangu akamrushia kokwa moja kama anavyomrushiaga mpira. Popi akalidaka hewani na hapohapo akataka kulimeza.

Kilichonichanganya ni ukimya. Mimi nilidhani mbwa akisakamwa atakohoa au atabweka, yaani kelele za kutosha mtaa mzima kujua, kumbe wapi. Alinyoosha shingo, akaanza kujikwangua mdomo kwa miguu ya mbele, udenda unamwagika, macho yamemtoka, tumbo linaingia ndani linatoka anatafuta hewa na hewa haipiti. Mama anasema mpe tonge la ugali mwanangu, lisukume! Jirani wa upande wa pili anapiga kelele leteni maji. Na mimi ndo nikafanya baya kuliko yote, nikamfungua mdomo nikazamisha vidole viwili bila hata kuangalia ndani, nikaligusa kokwa, linateleza kama sabuni, nikalisukuma mbele zaidi. Halafu akaning'ata. Simlaumu, mtu anakufa anang'ata chochote.

Aliyemwokoa ni kijana mmoja jirani ambaye aliwahi kuwa mlinzi wa lindo la mbwa. Aliruka ua, akamshika Popi mapaja ya nyuma akamnyanyua miguu juu kama unavyoshika toroli, kichwa kinaelekea chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega mara nne au tano. Hola. Akamshusha, akamzungushia mikono tumboni kwa nyuma, akakunja ngumi, akaiweka pale tumbo lilipo laini mara tu mbavu zinapoishia, akavuta kwa nguvu kuelekea ndani na mbele. Mara ya tatu kokwa likaruka kama kizibo cha soda iliyotikiswa. Najua inaonekana kama hadithi ndefu lakini nadhani haikufika hata dakika mbili, na ulimi ulishaanza kugeuka rangi ya zambarau iliyoiva.

Tukapanda bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo. Sasa yule daktari, kabla hata hajamgusa Popi, akaangalia kidole changu kinavuja damu akauliza, "Mbwa kachanjwa?" Nikamwambia dokta mwenye shida ni mbwa. Akanijibu, dada yangu, nimeuliza kachanjwa lini.

Hapo ndo nikapata somo ambalo naona sisi wa huku tunalihitaji kuliko mtu mwingine yeyote. Kichaa cha mbwa bado kipo kwetu, na kuna aina yake ambayo mbwa hawi mkali wala hakimbizi watu, anapooza tu. Taya linalegea, mdomo unabaki wazi, hawezi kumeza, udenda unachuruzika, hata sauti inabadilika. Ukimwangalia unasema huyu ana mfupa kooni, unavaa roho ya huruma unaingiza mkono kumtoa mfupa ambao haupo, na virusi viko kwenye mate hayohayo. Tofauti kubwa ni jinsi ilivyoanza. Kusakamwa kunakuja ghafla, dakika hii anatafuna au anacheza, dakika inayofuata hapumui. Kichaa kinajijenga kwa siku, mbwa kabadilika tabia, hali chakula, anajificha, taya linaning'inia lakini anapumua. Ukikuta mbwa wa hivyo, tena humjui au hajachanjwa, mikono mfukoni, mfungie mahali kama inawezekana bila kumgusa na ita watu wa mifugo. Ukishang'atwa au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, usingoje uone itakuwaje kwa sababu dalili zikianza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Popi alikuwa kachanjwa na kadi ipo, lakini kidole kilioshwa na hospitali nilipelekwa vilevile.

Turudi kwenye koo. Daktari alinitenganishia vitu viwili ambavyo hata Kiswahili chetu kinavitenganisha ila hatuzingatii. Kupaliwa ni kimoja, kusakamwa ni kingine. Mbwa aliyepaliwa anakohoa kwa nguvu, na anayekohoa ana hewa, huyo muache akohoe mwenyewe, mtulize tu, kikohozi chake kina nguvu kuliko ngumi yako. Kuna na wale wanaonyoosha shingo wanavuta hewa puani kama wanakoroma kinyumenyume, inatisha lakini inaisha yenyewe ndani ya dakika moja hivi. Wa kumkimbilia ni yule asiyetoa sauti, au anayetoa kamlio kembamba tu, na ulimi unabadilika rangi. Nasema ulimi kwa makusudi, wengi wanasema angalia fizi lakini kuna mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili, kwa hiyo mwangalie leo akiwa mzima ujue rangi yake.

Akisakamwa kweli, kwanza fungua mkanda wa shingoni. Mfungue mdomo UANGALIE, mwenzako amshikie mataya hata kwa kanga, moja juu moja chini. Ukikiona kitu na kinashikika, kivute. Hukioni, toa mkono, sababu utakisukuma kama mimi, na pia kwenye mzizi wa ulimi kuna vimifupa vyake vya kuzaliwa ambavyo watu huvidhania mfupa wa kuku wakavivuta, wakamwumiza bure. Kama ni mpira umekaa nyuma ya ulimi, unaweza kuusukuma kwa nje, vidole gumba chini ya taya pale kooni, unausukuma uje mbele. Kingine ni kama alivyofanya yule kijana. Mbwa mdogo unamnyanyua mzima kwa mapaja, kichwa chini, au unamkumbatia mgongo wake kifuani kwako ndo unamkandamiza tumbo, kwa adabu, mbavu zake ni vijiti. Mbwa mkubwa aliyelala unamlaza ubavu, mkono mmoja mgongoni, mwingine unasukuma tumbo kuelekea kichwani. Makofi matano, misukumo mitano, angalia mdomoni, rudia, na mwenzako awe anatafuta usafiri muda huohuo.

Ugali, maziwa, mafuta, maji, hapana. Hiyo dawa ya tonge ni ya mwiba wa samaki, na hata huo sina uhakika nao. Njia ya hewa imeziba, ukiongeza kitu unaongeza kizibo.

Akizimia, sasa hatang'ata kama mwanzo, angalia tena mdomoni na ukiona kitu kitoe. Kama hapumui mlaze ubavu, kandamiza kifua mara 30 kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke kama theluthi ya upana wake au zaidi kidogo, kisha mfunge mdomo umpulizie puani pumzi 2, kifua kinyanyuke, endelea. Kwa mbwa unayemjua na aliyechanjwa, nimeshasema.

Na hata kitu kikitoka akaanza kutikisa mkia, daktari ni lazima. Mimi nilitaka kugeuza bajaji njiani, Popi kashaanza kulamba watu. Daktari akanieleza koo linaweza kuvimba baadaye, mapafu yanaweza kujaa maji baada ya masaa, na ile misukumo yenyewe inaweza kuwa imevunja ubavu au kuumiza kitu tumboni. Alilala pale siku moja. Bili sisemi.

Nyumbani tumebadilisha machache. Makokwa na magunzi yanaingia ndoo yenye mfuniko. Mifupa iliyopikwa basi, hasa ya kuku, inapasuka vipande vikali, ingawa kwa hili bado napigana na mama. Mpira wake ni mkubwa usioweza kupita nyuma ya meno. Na hatumlishi tena sahani moja na mbwa wa jirani, wakishindana hawatafuni.

Halafu kila nikienda namfanyisha mpwa wangu mazoezi ya kutafuta pa kuweka ngumi, bila kukandamiza, maana kukandamiza mbwa mzima ni kumwumiza. Unapapasa ubavu mpaka wa mwisho, unashuka pale palipo laini. Shida ni kwamba Popi akishikwa hapo anadhani anachezewa, anajigeuza tumbo juu, inabidi tuanze upya kuutafuta ubavu.