Mtwara–Songea kwa ndege: mkuu, usilipe kwanza!

Mkuu, simama hapo hapo, usitume hela. Umesoma mtandaoni kwamba Mtwara–Songea ni kilomita 500, ndege saa moja, ukauliza kama ni kweli, mzigo mwisho kilo ngapi, na mtoto wa mwaka mmoja analipiwaje.

Kilomita 500 ni kweli, ila ni za rula kwenye ramani. Ndege ya kukatiza huko mimi sikuipata. Usipoipata, unapandishwa mpaka Dar, kama kilomita 400, halafu unarudishwa kusini nyingine kama 580. Karibu 1,000 hizo.

Mwaka juzi nilikuwa mshenga wa mdogo wangu, mahari inapelekwa Songea Jumamosi. Kijana wa wakala akanikatia tiketi mbili, kampuni mbili, zote za Ijumaa asubuhi. "Braza, Dar unashuka huku unapanda kule." Hakuniambia (au hakujua, sijui lipi baya zaidi) kwamba tiketi mbili ni safari mbili zisizojuana. Ndege ya Mtwara ikachelewa saa mbili. Nimefika Dar, nasubiri begi kwenye mkanda, likatoka la mwisho na kamba yake ya katani. Nikakimbia nalo hadi kaunta. "Tumeshafunga, kaka." Kwenye kioo naiona ndege yenyewe ya pangaboi imesimama, ngazi bado iko chini!

Kampuni ya kwanza: sisi tumekufikisha Dar salama. Ya pili: wewe hukutokea, tiketi imekufa. Inayofuata lini? Jumatatu. Ndege za Songea si daladala za Kariakoo.

Nikalala gesti Kipawa, alfajiri nikapanda basi Mbezi: Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, makalio yamekufa ganzi. Naingia Songea usiku, wazee wameshakula pilau na kuondoka. Mshenga alikuwa shemeji, mtu ambaye hata hodi hajui kupiga. Korosho kilo tano za wakwe? Tusiziongelee, safari ilikuwa ndefu.

Kinachoniuma ni kwamba basi la kutoka Mtwara kupitia Masasi na Tunduru, lami tupu, lingenifikisha Ijumaa hiyo hiyo usiku. Kwa nauli ambayo haifikii hata nusu ya nilichompa yule kijana. Nilipompigia akasema "pole braza, hali ya hewa." Hali ya hewa ya wapi, jua linawaka!

Kwa hiyo achana na kilomita, uliza SIKU. Ndege ya Dar–Songea inaruka siku gani, na je, tiketi ni moja, namba moja ya buking, Mtwara mpaka Songea? Akianza kukwambia "zinaunganika tu", ondoka dukani kwake.

Kuna kitu kingine uliuliza, hasira zimenisahaulisha. Hebu nambie kwanza, huyo wakala wako naye anaita watu "braza"?