Kirusi si sumu ya kutolewa kwa haluli

Swali: Assalamu alaykum, mtaalamu. Kaka yangu amepimwa na kukutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Muuza dawa mmoja hapa Lamu ametuonyesha kamusi ya zamani inayosema kwamba asili ya neno virusi ni sumu, na anadai kuwa sumu hutolewa kwa haluli na sanamaki, yaani dawa za kuharisha, siku saba mfululizo. Je, maana hiyo ni sahihi?

Jibu: Waalaykumu salaam. Maana hiyo ilikuwa sahihi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hoja hii naisikia mara kwa mara katika maabara yetu hapa Malindi, nayo hunichosha kwa sababu imevaa nusu ya ukweli.

Kwa Kilatini, neno hilo lilikuwa ni ute wenye sumu, kama wa nyoka. Daktari Mwingereza Edward Jenner, alipoandika juu ya ndui ya ng'ombe mwaka 1798, alilitumia kwa usaha unaoambukiza, na mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur baadaye akakiita hivyo karibu kila kisababishi cha maradhi ya kuambukiza. Mageuzi yalitoka kwenye tumbaku. Mwaka 1892 mwanasayansi Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa majani yenye ugonjwa kwa kichujio cha kauri kinachozuia bakteria, na utomvu ule bado ukaambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck akaonyesha kwamba kitu hicho huongezeka ndani ya mmea ulio hai, jambo ambalo sumu haiwezi, kwani sumu ikizimuliwa hupungua nguvu. Hata yeye alidhani ni kimiminika, hadi darubini ya elektroni ilipoonyesha mwaka 1939 kwamba ni chembe zenye umbo la vijiti.

Kiswahili nacho kilisikia «vi» mwanzoni mwa neno, kikazaa kirusi kimoja na virusi vingi, kama kitu na vitu. Ni bahati tu, lakini ngeli hiyo iko karibu zaidi na sayansi ya leo kuliko kamusi ya muuzaji, maana sumu hupimwa kwa matone ilhali virusi huhesabika.

Kirusi cha homa ya ini B huweka vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli ya ini. Haluli huishia utumboni, na inachotoa ni maji na chumvi ambazo mwili unazihitaji. Watu wazima wengi walioambukizwa karibuni hupona wenyewe ndani ya miezi sita, na sifa huichukua muuzaji. Kaka yako aende kliniki sasa, ini lake lichunguzwe, kisha kipimo kirudiwe baada ya miezi sita. Jamaa anaoishi nao wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe.

Muuzaji mwenye kamusi namhofia kuliko asiye nayo. Kesho atawafungulia ukurasa wa malaria, neno la Kiitaliano lililomaanisha hewa mbaya, awauzie ubani wa kufukiza chumba, na mbu ametulia nyuma ya kabati.